Mbuzi Aliyewekewa Bei

Neno ambalo Waris alilichukia kuliko matusi ni "hama". Aliambiwa hama Eastleigh kwa sababu mtoto wake alikuwa analia sana, akaambiwa hama Athi River kwa sababu nyama aliyokuwa anakausha uani iliwanukia majirani. Alipofika Kitengela mwaka wa tisini na nne, mjane kutoka Garissa, amemshika mkono kijana wake Hanad, alikuwa ameshaapa kwamba kabla hajafa atalala mahali ambapo hakuna binadamu wa kumwambia neno hilo. Mimi naitwa Ndeti, nauza nafaka hapa Kitengela tangu barabara ikiwa na maduka ya kuhesabu kwa vidole. Nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta kwenye ploti ya Wanyoike ya vyumba vya kupanga, kwa hiyo haya sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona, na mengine niliyachangia kwa mdomo wangu huu usiotulia.

Waris alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Siku ya soko alikuwa anashuka soko la mifugo la Bisil asubuhi, anaingia katikati ya wanaume na fimbo zao, anashika mbuzi mgongo, anafungua mdomo anaangalia meno, anataja bei yake na kunyamaza. Wanaume walikuwa wanapiga kelele, yeye ananyamaza. Jioni lori likifika Kitengela unaona mbuzi wanashuka na yeye nyuma yao, buibui imejaa vumbi, anawagawia wenye bucha waliokuwa wameagiza.

Kuhusu pesa alikuwa mkono wa birika, wacha nisimfiche. Lakini ubahili wake ulikuwa na mpango. Yeye faida yote aliigawanya kama kundi. Ile ya kula, ya kodi, ya karo ya Hanad na ya mafuta ya taa, aliiita madume. Ile ya kuweka aliiita majike. "Dume linaliwa," aliniambia. "Jike haliwi, Ndeti, hata kama kuna njaa na wageni. Ukila jike umekula na watoto wake." Majike yake yalikuwa kwenye akaunti ya kawaida katika benki moja ya Athi River, akaunti isiyozaa riba, kwa sababu dini yake haikumruhusu kula riba wala kulipa.

Mimi nilimcheka. Nilimwambia wewe benki yako ni tasa, pesa inakaa tu hapo kama bibi kizee. Akanijibu kwamba afadhali bibi kizee ambaye yuko nyumbani kuliko msichana mrembo aliyechukuliwa kwa mkopo. Jirani yetu mmoja alikuwa amechukua televisheni ya kulipa pole pole, na wiki ile ile vijana wa duka walikuja wakaibeba ikiwa bado moto.

Tulikuwa pia kwenye chama, wanawake wa soko. Wengine walikiita merigo, yeye alikiita ayuuto kama kwao. Kila mwezi tunachanga, mmoja anapokea zote, mwezi ukifuata ni mwingine, mpaka wote wamalize. Alikipenda kwa sababu hakuna riba na hakuna anayemwomba mwenzake. Hilo la kuomba ndilo lilikuwa gonjwa lake. Katika miaka yote ile Waris hakuwahi kubisha kwangu kuomba hata chumvi. Ikiisha alikuwa anakula chakula hakina chumvi. "Sidai, sidaiwi," ndio ulikuwa wimbo wake, na mimi huo wimbo ulikuwa unaniudhi, kwa sababu jirani asiyeomba chumvi anakufanya na wewe uogope kuomba kiberiti.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Kimaasai kutoka upande wa Isinya, akituletea maziwa kila asubuhi. Mtoto wake wa kwanza anaitwa Lemein, na kwa Kimaa mama yake Lemein ni Ng'oto Lemein, basi hivyo ndivyo tulivyomwita. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kusema maneno machache, na maziwa yake hayakuwa na maji. Anafika na kusalimu kwa Kimaa, "Takwenya," sisi tunajibu "Iko," anamimina, anaenda.

Ukaja ule ukame wa mwaka wa elfu mbili. Mnaukumbuka. Ng'ombe walikufa barabarani, mpaka watu wakaingiza mifugo Nairobi kutafuta nyasi za bustani za matajiri. Ng'oto Lemein akapotea wiki nyingi. Siku aliyorudi hakuwa na maziwa. Alikuwa na mtoto mchanga kifuani, kazuri lakini kamekauka, na yeye mwenyewe matiti yalikuwa yamegoma. Hakuomba chochote. Alikaa tu kwenye gunia langu la maharagwe akapumzika.

Waris alimtazama, akaenda nyuma ya ploti, akarudi akimvuta mbuzi jike wa kukamuliwa, mwenye sikio moja jeupe, ambaye alikuwa amemnunua Bisil wiki hiyo. Akampa kamba mkononi. "Mtoto anywe," akasema. Basi.

Mama alipoondoka nikamvamia. "Waris, si ulisema jike haliwi?"

"Sikula. Nimepeana. Kwetu Garissa ukame tunaujua, Ndeti. Huwezi kuangalia mtoto hivyo."

Mvua iliponyesha Ng'oto Lemein alirudi na mtoto mnene na maziwa kwenye kibuyu. Akamwambia Waris, "Wewe kwangu si Mama Hanad tena. Ni Pakine. Na mimi kwako ni Pakine." Waris akafurahi. Alidhani ni Kimaa cha kastama, mteja. Mimi pia nilidhani hivyo, ningemkosoa vipi, mimi Mkamba? Basi akaanza kuwaita wenye bucha wote Pakine. "Pakine, leo nina madume safi." "Pakine, lipa basi." Wamama wa Kimaasai waliopita walikuwa wanajifunika midomo wakicheka, nasi tunadhani wanacheka matamshi yake.

Mwaka wa elfu mbili na tano Wanyoike, mwenye ploti, akatukusanya uani. Alikuwa mtu mzuri, hakutufokea. Alisema Kitengela imekuwa mji, anabomoa vyumba vya mabati ajenge gorofa, anatupa mpaka mwisho wa mwaka. Kisha akasema lile neno. Niligeuka nikamwangalia Waris. Alikuwa ameshika nguzo ya kuanikia nguo, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesikia jina la mwizi wake.

Usifikiri ilikuwa rahisi kununua kiploti wakati huo. Kazi za viwandani Athi River na mashamba ya maua zilikuwa zimeleta watu, mabroka walikuwa wengi kuliko mbwa, na bei ilipanda kila ukilala. Majike ya Waris, ya miaka kumi na moja, yalikuwa yanatosha kiploti kimoja kidogo mwaka huo. Mwaka ukigeuka hayatoshi tena, na yeye alijua hivyo kuliko mimi. Angerudi kupanga mpaka kaburini.

Ndipo Sankale, mume wa Ng'oto Lemein, akasema anakata kipande kidogo cha shamba lake upande wa barabara, auze apate karo ya sekondari ya Lemein. Waris akasema Mungu amefungua. Tukaenda naye, mimi nikiwa shahidi, tukakaa nje kwenye vigoda, tukapewa chai. Sankale akataja bei. Ilikuwa bei ya haki, chini ya bei ya mabroka, lakini ilizidi kidogo pesa aliyokuwa nayo Waris.

Hapo Waris akafanya alichokuwa anafanya Bisil. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema kwa upole, "Mzee, si mnakumbuka ile mbuzi ya maziwa ya mwaka wa ukame? Sikuwahi kuitisha kitu. Mpaka leo ingekuwa imezaa mara ngapi? Tuiweke kwa hesabu, mnipunguzie."

Mimi nilimfinya paja kwa furaha. Niliona ni akili nyingi. Sankale aliangalia chini, akachora mstari kwenye vumbi na fimbo yake, akasema haya, nimepunguza. Ng'oto Lemein alikuwa anamimina chai. Aliweka birika chini taratibu.

"Sawa, mnunuzi," akamwambia Waris.

Sikulitilia maanani. Waris pia hakulisikia. Tuliandikiana kwa wakili, malipo ya kwanza yakatolewa, tukarudi tukicheka.

Kwa wasiojua, shamba huku haliuzwi kimya kimya. Mwenye shamba anasimama mbele ya bodi ya mashamba, Kajiado, na mke wake anaulizwa kama amekubali. Ni jambo zuri, limeokoa familia nyingi ambazo baba angeuza mpaka sufuria. Siku yetu ilipofika tulipanda mapema. Waris alikuwa amevaa buibui mpya, ya kwanza kumwona nayo. Ng'oto Lemein alikuja na shanga zake zote, ametulia. Jina likaitwa, wakasimama, mwenyekiti akamuuliza Sankale, akajibu ndiyo. Akamgeukia mama, "Na wewe, umekubali?"

"Sijakubali," akasema.

Hakueleza. Mwenyekiti alimuuliza mara ya pili, akajibu vile vile, sauti ile ile ya kusema maziwa leo ni kidogo. Mwenyekiti akasema basi hakuna kitu, nendeni mkaongee nyumbani, mkielewana mrudi kikao kingine. Waris alikaa kwenye ngazi za nje. Sankale alisimama karibu naye, aibu imemjaa. "Pesa yako nitarudisha," akasema. "Lakini huyu siwezi kumlazimisha, na hata ningeweza, singetaka."

Njia nzima kurudi nilitukana kwa niaba ya Waris. Nilisema huyo mama ameingiwa na tamaa, amepata mnunuzi mwingine, dawa ya hayo ni pesa. Nikamshauri amrudishie ile pesa tuliyopunguziwa ya mbuzi, aongeze na sukari. Ushauri wangu, kama mnavyouona. Baada ya siku chache tulienda. Waris akaweka bahasha na sukari mbele ya Ng'oto Lemein, akasema, "Hii ni ya mbuzi. Sasa tuko sawa, hakuna mtu anadai mwenzake."

Mama aliitazama bahasha kama inayouma. Akainuka, akaingia kwake, akafunga mlango.

Sankale aliturudishia bahasha na sukari, akatusindikiza mpaka barabarani. Alikuwa mzee wa kupima maneno. Alisimama akamuuliza Waris, "Wewe Pakine unajua ni nini?"

"Si ni kastama?"

Sankale hakucheka. "Kine ni mbuzi," akasema. "Mtu akikupa mbuzi kwa roho safi, jina lako linaanguka na lake linaanguka. Mnaitana Pakine mpaka mmoja azikwe. Huwezi kumpiga Pakine, huwezi kumdanganya, huwezi kumnyima. Mtoto wetu alikunywa hiyo mbuzi akapona. Mama yake alikuwa anasema kwa wanawake wote, niko na Pakine mjini, si mtu wa kwetu, si mtu wa kanisa letu, lakini ni Pakine." Akahamishia fimbo mkono wa pili. "Sasa wewe umeiwekea bei mara mbili. Kwanza uliidai. Leo umeilipa. Ukilipa mtu namna hiyo, unamwambia mmemalizana."

Waris alishika mdomo wake. Najua alichokuwa anakumbuka, kwa sababu mimi pia nilikuwa nakumbuka: wenye bucha wote wa Kitengela, Pakine huyu, Pakine yule, na wamama wakicheka. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nipeleke nini?"

"Pakine hapeleki," Sankale akajibu. "Pakine anaomba."

Nawaambia ukweli, angeambiwa achimbe kisima kwa kucha angefanya haraka zaidi. Wiki nzima alikaa na hilo neno. Alienda soko akarudi, alipika, aliswali. Nje Wanyoike alikuwa ameshaleta mchanga wa kujengea, umemwagwa karibu na milango yetu. Nilimhurumia. Mtu aliyejijenga miaka yote kwa kutoomba, sasa amefungiwa mlango ambao ufunguo wake ni kuomba tu.

Ijumaa baada ya swala akaniambia, "Ndeti, nisindikize." Hakubeba kitu, hata mkoba. Tulimkuta Ng'oto Lemein anakaza kamba za zizi. Waris alisimama mbele yake kama mtoto wa shule.

"Nimekuja kuomba mbuzi," akasema.

Ng'oto Lemein aliendelea na kamba. "Ya nini?"

"Hanad anywe maziwa."

"Hanad ananizidi urefu. Nilimwona juzi."

"Bado anakunywa chai," Waris akasema. "Nimekosa. Sikujua kuomba. Kwetu nilikuwa najua, lakini nikiwa hapa nilisahau. Naomba mbuzi, Pakine."

Mama aliiacha kamba, akamtazama. Kisha mabega yake yakashuka, na nikamwona anacheka kimya kimya, kile kicheko cha mtu aliyekuwa amechoka kukasirika. Akaingia katikati ya mbuzi, akatoka akimvuta jike mchanga mwenye sikio moja jeupe.

"Hii ni mtoto wa mtoto wa ile," akasema. "Nenda nayo, Pakine."

Akatupa chai. Tukaongea mvua, tukaongea mtoto ambaye sasa anachunga wana-mbuzi, na shamba halikutajwa. Mimi nilikuwa nawashwa mwili mzima. Nilimkanyaga Waris mguu, nikakohoa, wapi. Njiani, mbuzi akituvuta kila upande, nikamwambia, "Wewe ungeuliza tu la bodi, si alikuwa amelainika?"

"Niliomba mbuzi," akanijibu. "Nimepata mbuzi."

Jioni hiyo mlango wangu ulibishwa. Alikuwa Waris. "Nataka kumlipa Sankale bei yake ya kwanza, ile kabla sijaitaja mbuzi, bodi ikikubali au ikikataa, lakini nimepungukiwa. Zamu yangu ya ayuuto ni mwisho wa mwaka na yako ni mwezi huu." Kisha akanyamaza, na hakikuwa kile kimya cha Bisil. Alikuwa anaogopa. "Ndeti, naomba zamu yako," akasema.

Ile zamu nilikuwa nimeipangia maharagwe. Ndio ulikuwa wakati wa mavuno, unanunua yakiwa bei ya chini, unauza yakiadimika. Ukipewa mwisho wa mwaka ni kama umepewa mwavuli baada ya mvua. Lakini miaka kumi na moja nilikuwa nimemngoja huyu mwanamke abishe mlango wangu, hata kwa chumvi. Nilimwambia chukua, kisha nikafunga mlango haraka asinione nikilia.

Mwezi uliofuata tukarudi Kajiado. Mbele ya bodi karani alikuwa na haraka, watu walikuwa wengi. Akaita jina la Sankale, akauliza, "Mnunuzi ni nani?"

Waris akainua mkono, lakini Ng'oto Lemein akamtangulia.

"Hapa hakuna mnunuzi," akasema. "Huyu ni Pakine."

Karani akashika kalamu hewani hajui aandike nini. Mwenyekiti, ambaye ni Mmaasai, alimtazama Waris kutoka buibui mpaka viatu, akamtazama mama na shanga zake, akatabasamu. "Umekubali?" akamuuliza mama.

"Nimekubali. Awe karibu."

Waris alijenga chumba kimoja kwanza, kisha cha pili mwaka uliofuata, kwa madume tu, bila mkopo. Lakini zizi la mbuzi lilipata paa kabla ya chumba chake. Yule wa sikio jeupe amezaa, na wajukuu wake wapo. Wenye bucha wakija kuulizia anawauzia mbuzi wengine wote. Wale wa sikio jeupe anasema hawako sokoni, na hataji bei hata kwa utani. Wenye bucha siku hizi anawaita kastama.

Mimi mwaka ule maharagwe nilinunua ghali na nikauza kwa hasara. Waris alikuja kuniuliza hasara ilikuwa pesa ngapi. Nilimwangalia tu. Akajiona anataka tena kulipa, akaanza kucheka mwenyewe mpaka akakaa kwenye gunia.

"Wewe hukunipa mbuzi," akasema alipopata pumzi. "Ulinipa zamu. Basi wewe ni Pazamu."

Kimaa hakina neno hilo, nimeuliza. Ng'oto Lemein alilisikia akatikisa kichwa, akasema haya, liko sasa. Tangu siku hiyo nikifika kwa Waris simwiti Waris wala Mama Hanad. Nasimama langoni naita Pazamu, naye anafungua, na mara nyingi huwa nimekuja kuomba chumvi.